Siku ya 91: ulinganisho wa njia tatu za kuufikia uraia wa pamoja wa Afrika

Ni vigumu kumpata mtu anayepinga umoja wa Afrika hadharani. Ugumu huanza pale anapoulizwa umoja huo uanzie wapi, kwa kuwa wanaoutaka wamegawanyika katika makundi matatu, na kila kundi linaomba saini, muda na kura za watu walewale. Kundi la kwanza linataka bara zima lijifunge kwa mkataba mmoja, na ikiwezekana serikali moja, ili Mwafrika awe raia popote barani. Kundi la pili linasema tuanze na jumuiya za kanda, kwa jirani tunayefahamiana naye. La tatu halingoji mkutano wowote, bali linataka kila nchi ibadilishe sheria zake kwa hiari yake, ifute viza, ilegeze masharti ya uraia wa tajnisi, yaani uraia anaopewa mgeni kwa kuuomba, na kuwatambua wageni waliozeekea ndani ya mipaka yake. Njia hizi hazipingani moja kwa moja, lakini nguvu za wananchi, za asasi na za wabunge zina kikomo, na mwenye kampeni moja tu ya kuendesha hana budi kuchagua.

Ulinganisho huu unatumia kipimo kimoja, nacho ni siku ya 91. Mikataba mingi ya Afrika humruhusu mgeni kukaa siku 90 bila viza, na sherehe nyingi za umoja huishia hapo. Mtu aliyehama kutafuta riziki, aliyeoa ng'ambo ya mpaka au aliyepeleka watoto shule huko, haishi kwa siku 90. Swali ni moja: siku hizo zikiisha, amebaki na nini mkononi, na akionewa atamshtaki nani?

Kipimo hicho kimetokana na tukio la kweli. Mwaka 1979 nchi za ECOWAS, Jumuiya ya Uchumi ya Nchi za Afrika Magharibi, zilisaini mjini Dakar itifaki ya watu kutembea huru, iliyopangwa kwa hatua tatu: kwanza kuingia bila viza kwa siku 90, kisha haki ya ukaazi, na mwisho haki ya kuanzisha shughuli za kiuchumi. Hatua ya kwanza ilipokuwa imeanza na ya pili bado, bei ya mafuta iliporomoka, uchumi wa Nigeria ukayumba, na Januari 1983 serikali ya nchi hiyo ikawatangazia wageni wasio na vibali kwamba wana takriban wiki mbili za kuondoka. Zaidi ya watu milioni moja walifungasha, wengi wao Waghana, na mifuko ya plastiki ya mistari waliyobebea mali zao inaitwa “Ghana Must Go” hadi leo. Serikali ilijitetea kwamba haikuvunja itifaki, maana waliofukuzwa walikuwa wamepitiliza siku zao au walifanya kazi bila kibali. Kisheria utetezi huo ulikuwa na mashiko kiasi, na hapo ndipo unapoonekana upungufu wa umoja unaoishia mpakani.

Njia ya bara zima

Njia hii ndiyo yenye historia ya fahari kuliko zote. Katiba ya Ghana ya mwaka 1960 ilikuwa na kifungu kilicholiruhusu Bunge kusalimisha mamlaka ya nchi, yote au sehemu, kwa muungano wa nchi za Afrika. Kwame Nkrumah alikwenda Addis Ababa Mei 1963, Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulipoanzishwa, akiwa anadai serikali ya muungano mara moja, kwa hoja kwamba kila mwaka unaopita unazipa mizizi bendera ndogo ndogo na wenye maslahi nazo. Julius Nyerere alikuwa na hoja tofauti, kwamba umoja hujengwa hatua kwa hatua kupitia kanda, na hoja hiyo alikuwa amekwisha kuitolea rehani mwaka 1960, alipojitolea kuuchelewesha uhuru wa Tanganyika iwapo Kenya na Uganda zingekubali kuupata pamoja kama shirikisho. Wawili hao walikabiliana waziwazi mjini Cairo Julai 1964, katika mkutano uleule ulioazimia kwamba mipaka iliyoachwa na wakoloni iheshimiwe.

Kila mmoja wao alikuwa sahihi katika kumkosoa mwenzake. Nkrumah alitabiri kwamba viongozi watazoea viti vyao, na wakazoea. Nyerere alitabiri kwamba serikali ya bara haitaundwa kwa azimio, na haikuundwa: wakuu wa nchi walipolirudia jambo hilo mjini Accra Julai 2007, kwa msukumo mkubwa wa Muammar Gaddafi, waliondoka wakiwa wamegawanyika vilevile. Ghana yenyewe, miaka tisa baada ya kile kifungu cha katiba na mitatu baada ya Nkrumah kupinduliwa, iliwapa wageni wasio na vibali wiki mbili za kuondoka. Hiyo ilikuwa Novemba 1969, na waliofukuzwa wengi walikuwa Wanigeria.

Chombo cha sasa cha njia hii ni itifaki ya Umoja wa Afrika ya tarehe 29 Januari 2018, inayohusu mambo matatu kwa mpigo: watu kutembea huru, haki ya ukaazi na haki ya kuanzisha shughuli. Ukiisoma, ni itifaki nzuri, na kwenye karatasi inaivuka siku ya 91 bila wasiwasi. Lakini ilihitaji nchi 15 kuiridhia ili ianze kutumika, na kwa miaka mingi zilizoridhia zimebaki nne: Rwanda, Niger, Mali na São Tomé na Príncipe. Ilinganishe na mkataba wa Eneo Huru la Biashara Barani Afrika, uliosainiwa Kigali Machi mwaka huohuo. Huo ulihitaji nchi 22, ukazipata, na ukaanza kutumika tarehe 30 Mei 2019. Serikali zilezile, katika msimu uleule, ziliharakisha kuifungulia njia saruji na kuchelewa kumfungulia njia fundi anayejengea saruji hiyo.

Pasipoti ya Afrika iliyozinduliwa Kigali Julai 2016 ina kasoro ya aina hiyohiyo. Nakala za kwanza walipewa Rais Paul Kagame wa Rwanda na Rais Idriss Déby wa Chad, watu ambao, kwa vyovyote vile, hawakuwa na shida ya kupanga foleni ubalozini.

Hata hivyo, si haki kuipuuza njia hii, kwa sababu ina kitu ambacho nyingine hazina, nacho ni kiwango cha juu kinachoweza kutumika dhidi ya serikali yoyote. Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu wa mwaka 1981 unakataza, katika ibara ya 12, kuwafukuza wageni kwa makundi. Na mwaka 2018 Mahakama ya Afrika, yenye makao yake Arusha, iliamua shauri ambalo kila mwenye shaka juu ya suala hili angefaa kulisoma. Mwanamume mmoja alikwenda polisi kushughulikia taratibu za ndoa yake. Polisi wakautilia shaka uraia wake, pasipoti ikachukuliwa, na mwaka 2014 Tanzania ikamfukuza kuelekea Kenya. Kenya nayo ikasema si mtu wake, ikamrudisha. Akabaki akiishi katika ule ukanda wa katikati pale Sirari, kati ya kizuizi kimoja na kingine, ambako hakuna nchi inayokuhesabu. Mahakama iliamua kwamba alinyang'anywa uraia kiholela, na kwamba mtu aliyekwisha kutambuliwa kuwa raia hapaswi kubebeshwa mzigo wa kuthibitisha upya; anayemkana ndiye athibitishe.

Uzuri wa hukumu hiyo haufuti udhaifu wa mahakama yenyewe. Mtu binafsi hawezi kuifikia moja kwa moja ila nchi yake iwe imetoa tamko maalumu la kuruhusu, na tamko hilo Rwanda iliamua kuliondoa mwaka 2016, Tanzania mwaka 2019, Benin na Côte d'Ivoire mwaka 2020. Kwa hiyo, katika nchi nyingi, mtu wa siku ya 91 hana mlango wa kubisha katika ngazi hii.

Njia ya kanda

Hapa kuna mengi zaidi ya kuangalia, kwa sababu kanda ndizo zilizoandika sheria zinazoingia katika maisha ya kila siku. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina nchi nane tangu Somalia ilipojiunga mwaka 2024, na Itifaki yake ya Soko la Pamoja imekuwa ikitumika tangu tarehe 1 Julai 2010. Kanuni zake zinampa raia wa nchi mwanachama ruhusa ya kuingia na kukaa hadi miezi sita bila malipo. Muhimu zaidi ni kinachofuata. Mfanyakazi aliyepata ajira ya zaidi ya siku 90 anatakiwa kuomba kibali cha kazi ndani ya siku 15 za kufunga mkataba, na mamlaka inatakiwa kukitoa ndani ya siku 30, kwa kipindi cha hadi miaka miwili kinachoweza kuongezwa. Mwenza wake na watoto wana haki ya kufuatana naye. Kenya, Rwanda na Uganda zilikwenda mbali zaidi kwa kuruhusu raia wao kuvuka kwa kitambulisho cha taifa na kuondoleana ada za vibali vya kazi.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mikataba mingi ya Afrika humkaribisha mgeni kwa siku 90 na kumnyima jembe. Kanuni za Afrika Mashariki, pamoja na kasoro zake, zimeandika jembe hilo litolewe na nani na kwa muda gani. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya kuipendelea njia hii.

Sababu ya pili ni mahakama. Mwaka 2011 wakili Mkenya, akiwa katika msafara wa mawakili wenzake, alizuiwa katika uwanja wa ndege wa Entebbe, akashikiliwa kwa saa kadhaa na kurudishwa Nairobi kama mhamiaji asiyetakiwa, bila kupewa sababu. Alikwenda katika Mahakama ya Afrika Mashariki, ambako raia yeyote wa nchi mwanachama anaweza kufungua shauri bila nchi yake kutoa tamko lolote. Mwaka 2013 mahakama iliamua kwamba Uganda ilikiuka Mkataba na Itifaki, na kwamba nchi haiwezi kujikinga kwa mamlaka yake ya kitaifa dhidi ya wajibu ilioukubali yenyewe. Si kila mchuuzi anaweza kufanya alichofanya wakili, hilo ni wazi. Lakini hukumu ya wakili humnufaisha mchuuzi, kwa kuwa ofisa wa mpakani analazimika kuandika sababu ambayo zamani hakudaiwa.

Upande wa pili wa mizani una uzito pia. Itifaki ilikuwa inatumika tayari mwaka 2013 wakati Operesheni Kimbunga ya serikali ya Tanzania ilipowaondoa maelfu ya watu katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita, wakiwamo Wanyarwanda, Warundi na Waganda waliokuwa wameishi humo miaka mingi. Julai 2025 Tanzania ilitoa amri inayowazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, kuanzia uwakala wa miamala ya simu na ufundi wa simu hadi saluni, udalali wa nyumba na kuongoza watalii, na Kenya ikalalamika kwamba amri hiyo inakwenda kinyume na Soko la Pamoja. Wanaoitetea walisema ilimlenga mgeni wa mbali anayeuza rejareja Kariakoo. Kama ndivyo, ilikuwa rahisi kuandika hivyo. Neno “asiye raia” lilimkusanya Mkenya, Mganda na Mchina katika kapu moja, na ndipo mtu anapotambua kwamba sheria za ndani hazijapata kuisikia Itifaki.

Afrika Magharibi imefika mbali kwa namna nyingine. Haki ya ukaazi iliongezwa mwaka 1986 na ya kuanzisha shughuli mwaka 1990, na mamilioni huvuka kila mwaka. Hata hivyo sheria ya uwekezaji ya Ghana ya mwaka 2013 ilimtaka mgeni anayefanya biashara ya kununua na kuuza awe na mtaji wa dola milioni moja na kuajiri Waghana 20, na kati ya 2019 na 2020 maduka ya Wanigeria yalifungwa kwa makufuli mjini Accra, katika eneo ambalo, kwa kejeli ya historia, linaitwa Kwame Nkrumah Circle. Nigeria kwa upande wake ilikuwa imefunga mipaka yake ya nchi kavu tangu Agosti 2019.

Lakini ECOWAS pia imetoa ushahidi bora kuliko wote kwamba haki za kanda hushika mizizi. Mali, Burkina Faso na Niger zilijitoa rasmi tarehe 29 Januari 2025, baada ya uhasama mkali wa kisiasa. Siku hiyohiyo Jumuiya ilitangaza kwamba raia wa nchi hizo waendelee kutambuliwa na kutembea huru mpaka itakapoamuliwa vinginevyo, na nchi tatu zenyewe zilikuwa zimetangaza kwamba raia wa ECOWAS wataendelea kuingia kwao bila viza. Viongozi waliogombana karibu katika kila kitu hawakuthubutu kugusa hilo, maana wafugaji, wafanyabiashara na familia zilizotawanyika pande zote zilikuwa nyingi mno.

Udhaifu mkubwa wa njia hii hauko mashariki wala magharibi. Uko kusini. Itifaki ya SADC, Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, ya kurahisisha watu kutembea ilisainiwa mwaka 2005 na haijaanza kutumika, kwa kukosa nchi za kutosha kuiridhia. Maana yake ni kwamba katika kanda ambako chuki dhidi ya wageni imemwaga damu nyingi zaidi katika miaka ya karibuni, njia ninayoipendelea haipo.

Njia ya kila nchi kivyake

Ndani ya njia hii kuna vitu viwili ambavyo watu huvichanganya. Cha kwanza, kufuta viza, ni chepesi na hupigiwa makofi. Benin, Gambia, Rwanda na Shelisheli zilitangulia, na Ghana ikatangaza mwanzoni mwa 2025 kuwafungulia Waafrika wote. Ni jambo jema kwa mwanafunzi, kwa mfanyabiashara na kwa anayekwenda msibani. Ila linatolewa kwa tangazo na linaweza kuondolewa kwa tangazo. Kenya ilifuta viza Januari 2024 na kuweka mahali pake idhini ya kielektroniki ya kusafiri yenye ada ya dola 30, hivyo baadhi ya Waafrika ambao hawakuwa wakidaiwa viza hapo awali wakajikuta wanajaza fomu na kulipa. Ilibidi kungoja hadi katikati ya 2025 ili sharti hilo liondolewe kwa Waafrika wengi. Kwa kipimo cha siku ya 91, kufuta viza hakupati alama yoyote.

Cha pili, kutoa uraia, ni kizito, na hakuna itifaki iliyowahi kumpa mtu kitu kinachofanana nacho. Tanzania iliwapa uraia wa tajnisi takriban watu 162,000, Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 pamoja na watoto wao waliozaliwa Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Mchakato ulikwama katikati, vyeti vikazuiwa kwa miaka kadhaa kwa sharti la kuhamishwa kutoka katika makazi hayo, na hatimaye vikaanza kugawiwa Oktoba 2014. Angalia tarehe: ni mwaka mmoja tu baada ya Operesheni Kimbunga, na ni nchi ileile. Anayedhani taifa lina tabia moja kwa wageni wake atapata taabu kuyaeleza hayo mawili.

Nchini Kenya, Wamakonde walioletwa kutoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa ya Pwani walikaa vizazi kadhaa bila vitambulisho. Katika nchi ambayo laini ya simu, akaunti ya benki, M-Pesa na cheti cha ndoa vyote vinadai kitambulisho, hiyo ilimaanisha kuandikisha laini kwa jina la jirani na kuomba asibadilike moyo. Oktoba 2016 walitembea kutoka Kwale hadi Nairobi kumwona Rais, na mwanzoni mwa mwaka uliofuata wakaanza kupewa vitambulisho, wakihesabiwa kuwa kabila la 43 la nchi. Mkataba wa bara haukuwa na mchango wowote wa moja kwa moja hapo. Kilichofanya kazi ni kifungu cha sheria ya uraia ya 2011, miguu yao wenyewe, na asasi chache zilizowasindikiza.

Hatari ya njia hii ni kwamba mwenye ufunguo wa kufungua ndiye mwenye wa kufunga. Côte d'Ivoire, iliyojengwa kwa jasho la wakulima wa kakao kutoka kaskazini mwa mipaka yake, ilianza katika miaka ya 1990 kuhoji nani ni Mwivori halisi. Siasa hiyo ilimzuia Alassane Ouattara kugombea urais kwa madai juu ya asili ya wazazi wake, na ikachangia vita vilivyoanza 2002. Zambia ilikwenda mbali zaidi katika mzaha usiochekesha: mwaka 1999 Mahakama Kuu ilitamka kwamba Kenneth Kaunda, aliyeiongoza nchi hiyo kwa miaka 27, si raia wake, kwa kuwa wazazi wake walitoka Nyasaland, ambayo leo ni Malawi. Uamuzi huo ulibatilishwa baadaye. Lakini kama mwasisi wa taifa anaweza kuulizwa alikotoka baba yake, mfagiaji wa soko atajibu nini?

Ipi inaigusa chuki yenyewe?

Tarehe 11 Mei 2008 mashambulizi yalianza Alexandra, Johannesburg, na kuenea katika miji mingine ya Afrika Kusini. Waliouawa ni 62. Kati yao, 21 walikuwa raia wa Afrika Kusini. Watu walisimamishwa njiani na kuulizwa kiwiko kinaitwaje kwa Kizulu. Aliyekosa, au aliyejibu kwa lafudhi ya Kitsonga au Kivenda, alihesabiwa mgeni. Hakuna aliyeombwa pasipoti, na kwa hiyo hakuna pasipoti, hata ya bara zima, ambayo ingemwokoa.

Kutokana na hilo wapo wanaosema kwamba uraia wa pamoja na vita dhidi ya chuki ni mambo mawili yasiyohusiana. Sikubaliani nao, kwa sababu moja. Genge hupata ujasiri linapoamini kwamba mtu linayemshambulia hana wa kumtetea, na hali ya kibali chake ndiyo inayoamua kama atathubutu kwenda polisi, kupanga nyumba kwa mkataba au kutoa ushahidi mahakamani. Mtu mwenye karatasi anaweza kushtaki, asiye nazo hujificha, na anayejificha ni mawindo rahisi. Novemba 2025 Mahakama Kuu ya Johannesburg iliwapiga marufuku Operation Dudula, kundi linalopinga wageni, kudai vitambulisho vya watu na kuwazuia wageni kuingia hospitalini na shuleni. Amri hiyo ilitolewa na mahakama ya ndani, chini ya katiba ya nchi ambayo dibaji yake inasema Afrika Kusini ni ya wote wanaoishi humo. Katika kuizuia chuki leo jioni, njia ya taifa ndiyo yenye polisi, hakimu na diwani. Kanda na bara hufika kesho yake.

Jambo moja halisemwi vya kutosha na upande wetu tunaotaka mipaka ifunguke. Hofu ya mchuuzi mwenyeji haikuzuliwa na wanasiasa peke yao. Akiona duka la mgeni halilipi kodi, halifuati saa za kufunga na linauza chini ya bei yake, ana malalamiko halali, na kumwita mwenye chuki ni kumsukumia mikononi mwa wenye chuki hasa. Dawa ya malalamiko hayo ni leseni moja, kodi moja na mkaguzi mmoja kwa wote. Hilo nalo huwezekana pale tu mgeni anaporuhusiwa kuwa na leseni. Ukimnyima, umemfanya afanye biashara gizani, kisha unamlaumu kwa giza.

Uchaguzi

Kwa asasi au mwanaharakati wa Afrika Mashariki au Magharibi, ningeweka uzito wa kwanza kwenye kanda bila kusita. Haki za siku ya 91 zimekwisha kuandikwa, mahakama iko wazi kwa mtu binafsi, na jirani aliyeonewa anaweza kulipiza kwa namna inayoumiza, jambo linalozifanya serikali zifikiri mara mbili. Anayesubiri itifaki ya bara ya 2018 ifikishe nchi 15 anasubiri kitu ambacho sehemu yake kubwa anacho tayari na hakitekelezwi.

Kwa aliye kusini, ushauri ni mwingine. Asianze na SADC, bali na makubaliano ya nchi mbili mbili, ambayo yameonyesha kwamba yanawezekana: tangu Februari 2023 raia wa Botswana na Namibia huvuka mpaka wao kwa kitambulisho tu. Sambamba na hilo awekeze katika mahakama za ndani, maana huko Afrika Kusini ndizo zilizosimama imara kuliko Bunge na kuliko vyama.

Kwa anayeshughulikia watu waliozaliwa mahali na kukulia hapo bila karatasi, iwe ni wakimbizi wa kizazi cha pili au wajukuu wa vibarua wa mashamba, kanda haitamsaidia. Itifaki zote za kanda humtaka mtu awe kwanza raia wa nchi fulani mwanachama, na tatizo la hawa ni kwamba hakuna nchi inayokiri kuwa ni wao. Hapo sheria ya uraia ya taifa ndiyo pekee. Ngazi ya bara ina nafasi yake kama fimbo ya kusukumia, hasa kwa ile hukumu ya mtu wa Sirari.

Kwa mwanafunzi anayejiandaa kwa mdahalo wa Nkrumah na Nyerere, namshauri achague Nyerere, lakini asimtumie kama kisingizio. Mpango wa hatua kwa hatua una thamani pale hatua inayofuata inapokuwa na tarehe. Azimio la Nairobi la Juni 1963, ambamo Kenyatta, Obote na Nyerere waliahidi shirikisho ndani ya mwaka uleule, lilikuwa na tarehe na halikuwa na chombo cha kulisimamia. Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ilikuwa na vyombo tele, na ikavunjika mwaka 1977.

Na kwa mbunge wa nchi yoyote ya Afrika Mashariki kuna kazi ndogo isiyohitaji kikao cha wakuu wa nchi. Achukue sheria ya ajira za wageni, sheria ya leseni za biashara na sheria ya uhamiaji ya nchi yake, atafute kila mahali penye “asiye raia”, na apendekeze kundi la tatu kati ya raia na mgeni: raia wa nchi mwanachama, mwenye ada, muda na masharti yaleyale ya Itifaki iliyoanza kutumika mwaka 2010. Ataulizwa na wapiga kura wake kama anawapendelea wageni, na itambidi ajibu akiwa na orodha ya wananchi wake mwenyewe wanaofanya kazi ng'ambo ya mpaka.